Homoni na Mpokeaji Wake: Mhadhara Kuhusu Kipokezi cha Projesteroni



Niliombwa nizungumzie homoni za uzazi. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimeomba ruhusa nishughulike na protini moja tu inayokaa ndani ya seli, ambayo bila hiyo hakuna mamalia wa kike anayeshika mimba akaibeba. Protini hiyo ni kipokezi cha projesteroni.

Nimeichagua kwa sababu katika mazungumzo yetu, kliniki na nyumbani, homoni ndiyo inayosifiwa na ndiyo inayolaumiwa. Mwanamke akichelewa kushika mimba huambiwa homoni zake haziko sawa. Mimba ikitoka, ataambiwa homoni zilikuwa chache. Hedhi ikivurugika baada ya kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, ataambiwa homoni zimezidi. Maneno hayo yote yanachukulia kwamba kinachoamua ni kiasi cha homoni kilichomo kwenye damu. Hoja yangu ni kwamba nusu ya habari, na mara nyingi nusu iliyo kubwa, iko kwa mpokeaji. Projesteroni yenyewe haibebi amri yoyote. Kipokezi kilichomo ndani ya seli ndicho kinachoamua kama itasikika, na seli yenyewe ndiyo inayoamua ikishasikika ifanye nini. Tukilielewa hilo tutatibu vizuri zaidi, tutaacha kupoteza fedha kwenye dawa zisizosaidia, na tutaacha kuwabebesha wanawake lawama isiyo yao.

Sungura wa Rochester

Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa magonjwa ya wanawake Ludwig Fraenkel, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alikuwa akipima wazo aliloachiwa na mwanasayansi Gustav Born. Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki kitezi kidogo cha rangi ya manjano. Born aliamini kwamba kitezi hicho ndicho kinachoshikilia mimba changa. Fraenkel aliviunguza vitezi hivyo katika sungura wenye mimba, na mimba zikatoka.

Mwaka 1929, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walikwenda hatua nyingine mbele. Walichukua ovari za nguruwe machinjioni, wakakamua mafuta kutoka kwenye vitezi vya manjano, kisha wakawadunga sungura waliopandishwa na kutolewa ovari zote mbili. Bila sindano, mimba zilipotea. Kwa sindano ya kila siku, viinitete viliendelea kuishi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1934, maabara kadhaa za nchi mbalimbali zilifanikiwa kuitenga homoni yenyewe ikiwa safi, na jina la projesteroni likakubaliwa mwaka uliofuata.

Lakini kati ya hatua hizo kuna tukio ambalo nalithamini kuliko ugunduzi wenyewe. Corner ameliandika mwenyewe. Kuna wakati dawa aliyoitengeneza na kuipima yeye haikufanya kazi kabisa, na ile aliyoishughulikia Allen ilifanya kazi. Walirudia kila hatua ya utengenezaji wakitafuta kosa kwenye chupa na vimiminika, wasilione. Mwishowe waligundua kwamba tofauti ilikuwa kwa wanyama. Corner alikuwa akichagua sungura wadogo, Allen akichagua wakubwa. Dawa ilikuwa ileile. Mji wa mimba wa sungura ambaye hajapevuka haukuisikia, na ule wa sungura aliyepevuka uliisikia.

Kwa nini? Sungura aliyepevuka ana homoni nyingine, estrojeni, ambayo imeshapita kwenye mji wake wa mimba. Mvua ileile ikinyesha juu ya shamba lililolimwa na juu ya mwamba, mavuno hayawezi kulingana. Estrojeni ndiyo inayolima. Ila mwaka 1929 hakuna aliyejua kulima huko kunafanyika vipi ndani ya seli. Ilibidi kusubiri miaka 40.

Mlango ulifunguliwa na Elwood Jensen wa Chicago, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliipa estrojeni alama ya mionzi kwa kutumia tritiamu, akaona kwamba mji wa mimba unaishika na kuing'ang'ania, ilhali misuli ya kawaida inaiachia ipite. Kulikuwa na kitu ndani ya seli kinachoishika. Kufikia mwaka 1970, kundi la Edwin Milgrom na Étienne-Émile Baulieu nchini Ufaransa lilikipata kipokezi cha projesteroni katika mji wa mimba wa panya wa Guinea, na kundi la Bert O'Malley nchini Marekani likakipata katika mrija wa mayai wa vifaranga vya kuku. Hapo kitendawili cha Corner kikateguliwa: estrojeni huziamuru seli za mji wa mimba zitengeneze kipokezi cha projesteroni. Sungura wadogo hawakuwa na upungufu wa dawa. Walipungukiwa na wa kuipokea.

Kinachotokea ndani ya seli

Sasa naomba tuingie ndani ya seli moja ya mji wa mimba tuone kazi inavyofanyika.

Projesteroni ni molekuli ndogo yenye asili ya mafuta, inayotengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa kuwa utando wa seli nao ni wa mafuta, projesteroni hupenya bila kubisha hodi. Insulini haiwezi kufanya hivyo. Yenyewe huishia nje ya seli na kushikwa na kipokezi kilichoko juu ya utando huo. Kipokezi cha projesteroni kinangoja ndani.

Kinapongoja hakiko peke yake. Kimeshikwa na protini nyingine zinazokilinda kisijikunje vibaya na kukiweka katika umbo la kuweza kupokea. Mashuhuri kati yake inaitwa HSP90, na mmoja wa wasaidizi wake ni FKBP52. Panya jike waliozimiwa jeni ya FKBP52 ni tasa, ingawa kipokezi chenyewe wanacho na homoni wanayo. Kwa hiyo mpokeaji naye anahitaji watu wake.

Kipokezi kamili cha binadamu kina asidi amino 933, na jeni yake, iliyosomwa mwaka 1987, iko kwenye kromosomu namba 11. Kina sehemu tatu kuu. Mwishoni kuna mfuko unaoipokea homoni. Katikati kuna sehemu inayoshika DNA, yenye vidole viwili, kila kimoja kikishikiliwa na chembe moja ya zinki iliyofungwa na asidi amino nne za sisteini. Mwanzoni kuna sehemu ndefu inayozungumza na mitambo ya seli ya kusoma jeni.

Homoni ikiingia mfukoni, kipokezi hubadilika umbo. Msokoto wa mwisho wa protini, unaoitwa msokoto wa 12, hujikunja na kuufunika mfuko, na kwa kujikunja huko hutengeneza nje yake kiti kipya. Walinzi huachia. Vipokezi viwili huungana, hushika DNA mahali palipoandikwa herufi maalumu, na kwenye kile kiti kipya huja kukaa protini nyingine zinazoitwa viamshi wenza. Cha kwanza kujulikana, SRC-1, kilielezwa mwaka 1995 na maabara ya O'Malley, na kilipatikana kwa kukitumia kipokezi hikihiki cha projesteroni kama chambo. Viamshi wenza hulegeza DNA iliyofungwa, na jeni huanza kusomwa. Jeni nyingine, kwa utaratibu unaofanana na huo, hunyamazishwa.

Kila kitu kinategemea kile kiti. Mwaka 1980, wanakemia wa kampuni ya Roussel-Uclaf nchini Ufaransa walitengeneza molekuli iliyoitwa RU 486, ambayo leo inajulikana kama mifepristoni. Inaingia kwenye mfuko huohuo na inashikwa kwa nguvu zaidi ya projesteroni. Lakini ina mkono mrefu unaouzuia msokoto wa 12 usikae mahali pake. Kiti hakitengenezeki, na badala ya viamshi huja protini zinazozima. Damu inaweza kujaa projesteroni, mji wa mimba usiisikie. Ndiyo maana dawa hiyo husitisha mimba changa. Ufaransa iliiidhinisha mwaka 1988, na ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Sheria na mila za nchi kuhusu matumizi yake zina mjadala wake, na leo siuingii. Nataka tuone jambo la kibayolojia: kuku hadhuriki na mifepristoni. Katika mfuko wa kipokezi cha binadamu, asidi amino namba 722 ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, na mkono wa dawa unapata nafasi. Katika kuku mahali hapo pana sisteini, na dawa haiingii. Asidi amino moja kati ya mamia inatosha kubadilisha kila kitu.

Ndugu wawili wa jeni moja

Jeni hii moja hutoa vipokezi viwili. Cha kwanza, B, ndicho kile kirefu. Cha pili, A, hakina asidi amino 164 za mwanzo, kwa sababu seli imeanza kuisoma jeni kutoka mahali pa mbele zaidi. Mfuko wa homoni ni uleule na vidole vya zinki ni vilevile, lakini kazi zake hazilingani.

Tulilijua hilo kwa msaada wa panya. Mwaka 1995, John Lydon na wenzake, katika maabara ya O'Malley mjini Houston, waliizima jeni yote. Panya jike waliozaliwa bila kipokezi walikuwa na afya njema kwa kuwatazama tu. Lakini mayai yao hayakutoka kwenye ovari, hata walipochochewa kwa homoni. Utando wa mji wa mimba ulikua kupita kiasi na kuvimba, kwa sababu estrojeni ilikosa wa kuizuia. Matiti hayakujiandaa kwa maziwa. Hata ile tabia ya jike kumkubali dume ilipotea, kwani kipokezi hicho kinafanya kazi ubongoni pia. Protini moja, viungo vinne, na vyote vinne vinatumikia lengo moja la kuzaa.

Baadaye ndugu hao wawili, A na B, walizimwa mmojammoja. Panya wasio na A walishindwa kutoa mayai ipasavyo na miji yao ya mimba haikuweza kupokea kiinitete, ila matiti yalikuwa mazima. Panya wasio na B walizaa, lakini matiti yao hayakukua inavyotakiwa wakati wa mimba. Basi mtu anapouliza projesteroni inafanya nini, jibu la haki ni kumuuliza: katika kiungo gani, na kupitia ndugu yupi?

Kutoka hedhi hadi uchungu

Tuufuate sasa mwezi mmoja wa mwanamke. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, estrojeni inaujenga utando wa mji wa mimba na kuujaza vipokezi. Yai likishatoka, kitezi cha manjano kinaanza kutoa projesteroni. Seli za juu za utando zikiipokea hutuma ujumbe kwa seli za chini yake. Seli za chini, kwa kutumia kipokezi chao wenyewe, huwasha jeni iitwayo HAND2, nayo huzima vichocheo vilivyokuwa vinazifanya seli za juu ziendelee kugawanyika. Seli za juu hutulia. Katika siku chache hizo za utulivu, kiinitete kinaweza kujishikiza. Zikishapita, mlango unafungwa. Ikiwa hakuna kiinitete, kitezi cha manjano hufa baada ya takribani wiki mbili, projesteroni hushuka, na hedhi huja.

Kiinitete kikijishikiza, hutoa homoni ya hCG, ileile inayopimwa kwenye mkojo, ambayo hukihuisha kitezi cha manjano. Arpad Csapo alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kitezi hicho kikiondolewa kabla ya wiki ya 7, mimba hutoka. Kikiondolewa baada ya wiki ya 9, mimba hubaki, kwa kuwa kondo limeshachukua kazi. Karibu na kujifungua kondo hutengeneza takribani miligramu 250 za projesteroni kwa siku. Kwa miezi yote hiyo, kipokezi kilichomo kwenye misuli ya mji wa mimba kinaituliza isikaze.

Hapa tunafika kwenye swali lililowashughulisha wataalamu wa uzazi kwa miongo mingi. Kondoo, mbuzi na panya hushusha projesteroni kwenye damu kabla ya kuzaa, na uchungu huanza. Mwanamke hashushi. Anaingia leba damu yake ikiwa bado imejaa projesteroni. Kama kiasi cha homoni ndicho kinachoamua, asingezaa kamwe.

Jibu liko ndani ya seli za misuli. Mimba inapokomaa, uwiano wa wale ndugu wawili hubadilika na A huongezeka. Wakati huohuo, kama walivyoonyesha watafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 2016, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli hizo huiharibu projesteroni inapoingia. Nje imejaa, ndani imekwisha. Kipokezi A kinachobaki bila homoni hugeuka, kikawasha jeni ya koneksini 43, protini inayounganisha seli za misuli ili zikaze kwa pamoja. Yaani kipokezi kilichoulinda utulivu ndicho kinachosaidia kuufungua uchungu.

Tembo anatufundisha somo hilohilo kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1960, Roger Short na Irven Buss walivichunguza vitezi vya manjano vya tembo wa Afrika, wakakuta humo projesteroni kidogo mno. Mnyama anayebeba mimba miezi 22 alionekana kama hana homoni ya mimba. Baadaye ilijulikana kwamba ovari za tembo hutoa zaidi jamaa za projesteroni zilizobadilishwa kidogo kikemia, na kwamba hizo zinashikwa na kipokezi chake. Aliyepima homoni aliyoizoea alipata jibu la uongo. Angemuuliza mpokeaji angepata la kweli.

Kliniki

Ndugu zangu, haya yanatuhusu vipi tunaohudumia wanawake?

Nianze na mama mwenye mimba changa anayetokwa na damu. Wengi wetu tumezoea kumwandikia projesteroni, na yeye huinunua kwa pesa yake. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PRISM wa Uingereza, uliohusisha wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa na damu katika mimba changa. Nusu walipewa projesteroni, nusu dawa isiyo na kitu. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 75 na asilimia 72. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha faida kwa wote. Lakini kwa wale ambao mimba zao zilikuwa zimeshatoka mara 3 au zaidi, ilikuwa asilimia 72 dhidi ya 57. Kwa hiyo tusiitupe dawa, na tusiigawe kwa kila mtu. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu kromosomu za kiinitete zina kasoro, na hapo hakuna projesteroni itakayosaidia. Mama huyo anahitaji kuambiwa ukweli huo kwa upole, tena mbele ya mume na mama mkwe ikibidi: hakubeba ndoo nzito ikamponza, hakukosa homoni, na hakurogwa.

Kuhusu watoto njiti, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wiki ya 37. Kuna wanawake wanaofaidika na projesteroni ya kuweka ukeni, hasa ambao ultrasaundi imeonyesha shingo ya kizazi imefupika hadi milimita 25 au chini ya hapo. Lakini sindano ya jamaa yake, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kuzuia uzazi wa mapema, ilifutiwa idhini mwaka 2023 baada ya utafiti mkubwa kushindwa kuonyesha faida. Majina yanafanana, kipokezi hakiwapokei sawa.

Suala la jamaa za projesteroni linatufikisha Kisumu. Sindano ya miezi mitatu tunayoitumia sana kwa uzazi wa mpango ina medroksiprojesteroni. Inashika kipokezi cha projesteroni vizuri, lakini pia inashika kipokezi cha jirani, kile cha kotisoli, kinachohusika na kinga ya mwili. Kwa miaka mingi palikuwa na hofu kwamba sindano hiyo inaongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Kati ya 2015 na 2018, utafiti wa ECHO uliwafuatilia wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, Kisumu ikiwa kituo cha Kenya, ukilinganisha sindano hiyo, kitanzi cha shaba na kipandikizi cha levonojestreli. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Wanawake 397 waliambukizwa wakati wa utafiti, idadi inayotisha, na inatudai tuweke kinga ya VVU ndani ya huduma za uzazi wa mpango. Swali la awali lilikuwa halali, na lilizaliwa kwa kuuliza molekuli hii inashikwa na vipokezi vipi. Jibu lilihitaji wanawake wenyewe, na maelfu wa Afrika walilitoa.

Nitaje pia endometriosisi, ugonjwa unaowatesa wanawake wengi kwa maumivu makali ya hedhi huku wakiambiwa wajikaze. Tishu za mji wa mimba humea nje yake, na mara nyingi katika tishu hizo kipokezi B hupungua sana. Ndiyo maana baadhi yao hupewa dawa za jamii ya projesteroni zisiwasaidie. Asiyepona kwa dawa hizo hajakataa kupona. Ugonjwa wake umepunguza wapokeaji, na anastahili kutafutiwa njia nyingine.

Slaidi ya titi

Nimeacha kwa makusudi jambo la mwisho, kwa sababu ndilo tunaloweza kulirekebisha mapema zaidi.

Tazameni picha hii. Ni kipande cha uvimbe wa titi kilichokatwa chembamba kuliko unywele, kikabandikwa kwenye kioo na kuwekewa kingamwili inayokitambua kipokezi cha projesteroni. Rangi ya bluu hafifu ni viini vya seli visivyo na kipokezi. Zile za kahawia ni viini vyenye kipokezi. Daktari wa patholojia akihesabu kahawia kwenye angalau asilimia 1 ya seli za saratani, uvimbe huo huitwa chanya. Hapo juu ya kioo mnaiona kwa macho yenu protini niliyoizungumzia tangu mwanzo.

Kwa nini ihesabiwe? Mwaka 1975, Kathryn Horwitz na William McGuire walitoa hoja rahisi. Kwa kuwa estrojeni ndiyo inayoamuru kipokezi cha projesteroni kitengenezwe, uvimbe wenye kipokezi hicho unatuonyesha kwamba njia ya estrojeni ndani yake iko hai, na dawa ya kuizuia ina nafasi nzuri ya kufanya kazi. Ni somo lilelile la sungura wa Corner, sasa likiwa linaokoa maisha. Dawa yenyewe, tamoksifeni, ni kidonge cha kila siku ambacho si ghali. Kwa wanawake wenye kipokezi cha estrojeni, miaka mitano ya kidonge hicho hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takribani theluthi moja. Kwa asiye na vipokezi, kidonge hicho hakimpi faida hiyo, na muda anaokimeza kinachukua nafasi ya tiba anayoihitaji.

Tatizo letu huanza kabla ya darubini. Protini hii inaharibika. Kipande cha nyama kikikaa muda mrefu bila kuhifadhiwa, kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, kikitumbukizwa kwenye formalini iliyochanganywa vibaya au ya kiasi kidogo, kipokezi hupotea, na maabara itaandika hasi kwa uaminifu kabisa. Mwongozo wa kimataifa unataka kipande kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja, na kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Fikirieni kipande kilichokatwa Ijumaa mchana katika hospitali ya wilaya, kikangoja gari la Jumanne. Mwanamke atanyimwa kidonge cha kumwokoa kwa sababu ya kopo na saa.

Kwa hiyo nawaomba. Wenzangu wapasuaji, andikeni kwenye fomu saa nyama ilipokatwa na saa ilipoingia kwenye formalini. Wenzangu wa maabara, rudisheni sampuli isiyo na maelezo hayo, na pimeni vipokezi vya estrojeni na projesteroni kwa kila saratani ya titi inayofika mezani penu. Wanaopanga bajeti za hospitali zetu, hesabuni kingamwili za kipimo hiki pamoja na dawa, kwa maana dawa bila kipimo ni kubahatisha. Wakunga na wauguzi, mnaposikia mama anajilaumu kwa mimba iliyotoka, mwambieni yale mliyoyasikia hapa. Na wanafunzi, mnapofundishwa homoni yoyote, msiridhike mpaka mjue nani anaipokea, yuko kwenye seli ipi, na anaye nani pembeni yake.

Kwa akina mama na akina dada mliokuja kusikiliza tu: siku wewe au ndugu yako atakapoambiwa ana saratani ya titi, uliza bila woga kama vipokezi vimepimwa na majibu yamesemaje. Hiyo ni haki yako, na ni wajibu wetu kuwa na jibu lililo sahihi.